Zana za Mstari wa Amri na Meneja wa Vifurushi wa JavaScript: Dhana, Utendakazi na Tahadhari

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi zana za mstari wa amri zinavyosimamiwa na kuendeshwa kupitia npm, yaani meneja wa vifurushi wa lugha ya programu ya JavaScript. Yanaanza kwa kueleza dhana za msingi, kisha yanafuata safari ya zana kutoka katika sajili hadi kwenye tarakilishi ya mtumiaji, na baadaye yanajadili hatari zinazoandamana na wepesi wa njia hii. Aidha, makala yanapima baadhi ya istilahi za Kiswahili zinazohusika. Hoja kuu ni kwamba kuendesha zana iliyoundwa na mtu mwingine ni tendo la kumwamini mtu huyo, na asiyeelewa utendakazi wa zana hizo hawezi kujua amemwamini nani.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii iliwalenga wafanyabiashara, lakini inamfaa vilevile mwanafunzi wa leo anayeunda kamusi ya kielektroniki, anayekusanya matini za utafiti au anayetayarisha tovuti ya chama chake. Mtu huyu hutumia zana nyingi ambazo hakuziunda mwenyewe. Seremala huijua randa yake na msumeno wake kwa kuvishika. Mtumiaji wa tarakilishi, kwa upande mwingine, hutumia zana asizoziona, zilizoandikwa na watu asiowajua, na mara nyingi hana daftari la kumkumbusha ni zana ipi iliyoingia lini na kwa sababu gani.

Ni jambo la kawaida mwanafunzi kuelekezwa na mwenzake: "Andika amri hii, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza." Naye huandika. Maandishi mengi hupita kwenye kioo, kazi hufanyika, na suala la kilichotendeka haliulizwi. Siku amri hiyohiyo inapokataa kufanya kazi, au inapofanya kazi isiyotarajiwa, mwanafunzi huyo hana pa kuanzia. Makala haya yamekusudiwa kumpa pa kuanzia.

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Mstari wa amri

Mstari wa amri ni njia ya kuwasiliana na tarakilishi kwa maandishi badala ya kubofya picha kwa kipanya. Mtumiaji huandika amri, na programu inayoweza kuitwa mkalimani wa amri huipokea, huichanganua na kuitekeleza. Amri hizi zina sarufi yake. Tuchukue mfano ufuatao:

http-server -p 3000

Neno la kwanza ni jina la zana na linafanya kazi ya kitenzi. Sehemu inayoanza kwa kistari ni kielezi kinachobainisha namna ya kutenda. Hapa inaeleza kwamba zana ipokee wageni kupitia mlango nambari 3000. Muundo huu haukosi kufanana na sentensi ya kuamrisha ya Kiswahili kama vile "Soma polepole", ambamo kitenzi hutangulia na nafsi ya mtenda haitajwi. Zana ya http-server iliyotajwa hapa hulifanya kabrasha la kawaida lionekane katika kivinjari kana kwamba ni tovuti, na humfaa mtu anayetaka kukagua kurasa zake kabla ya kuzichapisha.

2.2 Faili tekelezi

Zana ya mstari wa amri, hatimaye, ni faili. Si kila faili inaweza kuendeshwa. Ile iwezayo kuendeshwa huitwa faili tekelezi. Faili tekelezi ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni hati ya msimbo ambayo binadamu anaweza kuisoma, na ambayo huhitaji programu nyingine ya kuitafsiri wakati wa kuendeshwa. Aina ya pili ni faili ya jozi, yaani iliyokwisha kugeuzwa kuwa maagizo ya mashine, nayo husomwa na kichakato chenyewe bila mkalimani. Tofauti hii ina athari kubwa, kwa kuwa hati inaweza kuhamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, ilhali faili ya jozi iliyotengenezewa Windows haifanyi kazi katika Linux.

2.3 Kifurushi, sajili na meneja

Kifurushi ni mkusanyiko wa faili za msimbo pamoja na faili moja ya maelezo iitwayo package.json. Faili hiyo hutaja jina la kifurushi, toleo lake, na vifurushi vingine vinavyohitajika ili nacho kifanye kazi. Sajili ni ghala la umma ambamo vifurushi huwekwa, na meneja wa vifurushi ni programu inayovichukua kutoka humo, kuvipanga na kuviondoa.

Mazingira ya Node.js, yanayowezesha JavaScript kuendeshwa nje ya kivinjari, yalibuniwa na Ryan Dahl mwaka wa 2009. Mwaka uliofuata, 2010, Isaac Z. Schlueter alitoa npm kwa matumizi ya umma. Kampuni iliyoundwa baadaye kuisimamia ilinunuliwa mwaka wa 2020 na GitHub, ambayo yenyewe imekuwa mali ya Microsoft tangu mwaka wa 2018. Leo sajili ya npm ina zaidi ya vifurushi milioni mbili. Mameneja wengine wa lugha hiyohiyo, kama vile Yarn iliyotolewa mwaka wa 2016, nao hutegemea sajili hiyo.

3.0 Safari ya Zana

Mtumiaji anapoandika npm install na kutaja jina la kifurushi, hatua kadhaa hufuatana. Kwanza, meneja huiuliza sajili ni matoleo gani yaliyopo. Pili, hupakua toleo linalofaa pamoja na kila kifurushi kinachotegemewa nalo. Tatu, hulinganisha kilichopakuliwa na alama ya uthibitisho iliyorekodiwa ili kuhakikisha kwamba hakikubadilishwa njiani. Nne, hufungua vifurushi hivyo ndani ya kabrasha liitwalo node_modules.

Hatua ya tano ndiyo inayokifanya kifurushi kiwe zana. Katika package.json, mwandishi wa kifurushi huweza kuweka uga uitwao bin. Uga huu huoanisha jina la amri na faili itakayoendeshwa. Meneja anapoukuta, huunda kiungo chenye jina la amri hiyo katika kabrasha dogo la node_modules/.bin. Katika Linux na macOS kiungo hicho huielekea faili halisi moja kwa moja. Katika Windows huundwa faili ndogo za kuelekeza zinazofanya kazi iyo hiyo. Faili inayoelekewa, ikiwa ni hati ya JavaScript, huanza kwa mstari huu:

#!/usr/bin/env node

Mstari huo humweleza mkalimani wa amri kwamba matini yanayofuata yasomwe na Node.js. Usipokuwepo, mkalimani huenda akajaribu kuusoma msimbo wa JavaScript kana kwamba ni amri zake mwenyewe, naye hataambulia chochote isipokuwa makosa.

4.0 Kusakinisha kwa Jumla na Kusakinisha kwa Mradi

Zana inaweza kusakinishwa kwa namna mbili. Kwa kuongeza alama ya -g, zana huwekwa mahali pa jumla na huweza kuitwa kutoka kabrasha lolote. Namna hii ni nyepesi, lakini ina kasoro tatu. Kwanza, tarakilishi hubaki na toleo moja tu la zana hiyo, ilhali miradi miwili inaweza kuhitaji matoleo tofauti. Pili, hakuna rekodi inayobaki ndani ya mradi. Mwenzako akipokea kazi yako hatajua kwamba zana hiyo inahitajika. Tatu, mahali pa jumla mara nyingi huhitaji idhini ya msimamizi wa mfumo. Katika maabara za vyuo vikuu mwanafunzi huwa hana idhini hiyo, na kwenye tarakilishi yake binafsi hushawishika kutumia amri ya sudo, ambayo huipa programu ya mgeni mamlaka ya mwenye nyumba.

Namna ya pili ni kuisakinisha zana ndani ya mradi. Hapa jina na toleo lake huandikwa katika package.json, na matoleo kamili ya kila kitu kilichosakinishwa huandikwa katika faili ya package-lock.json. Faili hii ya pili, iliyoletwa na toleo la tano la npm mwaka wa 2017, ndiyo daftari linalosemwa katika methali. Mtu mwingine akiupokea mradi na kuandika npm ci, atapata vifurushi vilevile, kwa matoleo yaleyale.

Hata hivyo, mwanafunzi aliyesakinisha http-server kwa namna hii na kuandika jina lake tu atajibiwa kwamba amri haikupatikana. Sababu ni kwamba mkalimani wa amri hutafuta zana katika orodha maalumu ya makabrasha iitwayo PATH, na kabrasha la node_modules/.bin halimo katika orodha hiyo. Zana ipo nyumbani, ila haijatambulishwa kwa bawabu.

Suluhisho mojawapo ni kutumia uga wa scripts katika package.json. Humo mtumiaji huipa amri ndefu jina fupi analolitaka. Kwa mfano, akiandika kwamba "onyesha" ni "http-server -p 3000", ataweza kuendesha zana hiyo kwa kuandika npm run onyesha. Meneja hutia kabrasha la .bin katika orodha ya PATH kwa muda wa kazi hiyo tu. Ni vyema kutambua kwamba majina haya huchaguliwa na mwenye mradi, na hakuna kinachozuia yawe ya Kiswahili: onyesha, jenga, kagua, chapisha.

5.0 npx: Mgeni wa Siku Moja

Suluhisho la pili ni amri ya npx, ambayo ilianza kutolewa pamoja na npm katika toleo la 5.2 mwezi Julai mwaka wa 2017. Mtumiaji anapoandika npx http-server, amri hii kwanza huitafuta zana ndani ya mradi. Ikiipata, huiendesha. Isipoipata, huichukua kutoka katika sajili, huihifadhi kando katika akiba ya npm, kisha huiendesha bila kuiandika popote katika mradi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa npx hupewa jembe siku ileile anayofika.

Mwanzoni zana ilichukuliwa bila kuuliza. Tangu toleo la saba la npm, lililotoka mwaka wa 2020, mtumiaji huulizwa kwanza kama anakubali kifurushi hicho kisakinishwe. Swali hilo ni fupi, na wengi hulijibu bila kulisoma. Ilhali ndilo swali la pekee linalosimama kati ya tarakilishi na msimbo wa mtu asiyejulikana.

Kuna tatizo jingine ambalo mwanaisimu atalitambua upesi: jina la kifurushi na jina la amri si lazima yafanane. Kifurushi cha lugha ya TypeScript huitwa typescript, lakini amri yake huitwa tsc. Katika sajili kuna kifurushi kingine kabisa kiitwacho tsc, kisicho na uhusiano na kikusanyaji hicho. Mtu akiandika npx tsc katika mradi usio na TypeScript, ataletewa kifurushi hicho cha pili, ambacho kwa bahati njema humwarifu tu kwamba amekosea. Hiki ni kisa cha homonimu: umbo moja, maana mbili, na muktadha ndio unaoamua. Njia salama ni kutaja kifurushi na amri waziwazi:

npx --package=typescript tsc

6.0 Zana Zilizo Katika Mfumo wa Jozi

Ingawa sajili ya npm iliundwa kwa ajili ya JavaScript, siku hizi hubeba pia zana zilizoandikwa kwa lugha nyingine. Mfano mzuri ni esbuild ya Evan Wallace, zana ya kuunganisha faili za msimbo ambayo imeandikwa kwa lugha ya Go na kugeuzwa kuwa faili ya jozi. Kwa kuwa faili ya jozi hufungamana na mfumo mmoja, esbuild hugawanywa katika vifurushi vingi: kimoja cha Linux, kingine cha Windows, kingine cha macOS, na kadhalika. Kila kimoja hutaja katika package.json yake mfumo wa uendeshaji na aina ya kichakato kinachokifaa. Kifurushi kikuu huvitaja vyote kuwa si vya lazima, na meneja husakinisha kile tu kinachoafikiana na tarakilishi husika.

Utaratibu huu unaeleza tatizo linalowasumbua wanafunzi wengi. Mtu huanza mradi kwenye tarakilishi ya Windows, hunakili kabrasha zima kwenye diski mweko, kisha hulifungua katika maabara inayotumia Linux. Zana zilizo hati huendelea kufanya kazi. Za jozi hukataa. Dawa si kuitafuta zana upya, bali ni kuliacha kabrasha la node_modules, kubeba package.json na package-lock.json tu, na kusakinisha upya mahali pa kazi.

7.0 Hatari na Tahadhari

Kidole kimoja hakivunji chawa, na ushirikiano wa namna hii umeleta manufaa makubwa. Hata hivyo, kikulacho ki nguoni mwako. Visa vifuatavyo vinathibitisha hayo.

Mnamo tarehe 22 Machi 2016, Azer Koçulu aliondoa vifurushi vyake vyote katika sajili baada ya kutofautiana na wasimamizi kuhusu jina la kifurushi kimojawapo. Miongoni mwavyo kulikuwa na left-pad, kifurushi cha mistari 11 tu kilichofanya kazi ya kuongeza nafasi upande wa kushoto wa matini. Miradi mingi mikubwa, ikiwemo Babel, ilikitegemea moja kwa moja au kupitia vifurushi vingine, nayo ikashindwa kusakinishwa. Wasimamizi walilazimika kukirejesha siku hiyohiyo, na baadaye wakaweka masharti makali zaidi ya kuondoa kifurushi.

Mwezi Agosti mwaka wa 2017 iligunduliwa kwamba mtu alikuwa ameweka kifurushi kiitwacho crossenv, akiiga jina la cross-env, kifurushi halali. Tofauti ilikuwa kistari kimoja. Aliyekisahau kistari hicho alisakinisha programu iliyotuma taarifa za siri za mazingira ya tarakilishi yake kwa mwizi. Mwezi Julai mwaka wa 2018, mwizi aliingia katika akaunti ya mmoja wa watunzaji wa eslint-scope na kuchapisha toleo lililoiba vitambulisho vya kuingilia vya waliolisakinisha. Mwezi Septemba mwaka wa 2025, mtunzaji wa vifurushi mashuhuri, vikiwemo chalk na debug, alihadaiwa kwa barua pepe ya ulaghai, na matoleo yenye sumu yakachapishwa kwa jina lake. Mwezi huohuo kirusi kilichoitwa Shai-Hulud kilijisambaza chenyewe katika mamia ya vifurushi kwa kutumia vitambulisho kilivyoiba.

Mbinu inayotumiwa mara kwa mara katika visa kama hivi ni hati za usakinishaji, yaani msimbo ambao meneja huuendesha wenyewe mara tu kifurushi kinapowasili. Mtumiaji hajaiita zana, lakini msimbo wake umekwisha kutenda. Tahadhari zifuatazo ni muhimu:

(a) Jina la kifurushi lisomwe herufi kwa herufi kabla ya kuthibitisha.
(b) Zana isakinishwe ndani ya mradi, na package-lock.json ihifadhiwe pamoja na kazi nyingine.
(c) Idhini ya msimamizi isitumiwe kusakinisha vifurushi.
(d) Alama ya --ignore-scripts itumiwe pale ambapo hati za usakinishaji si za lazima. Meneja wa pnpm, tangu toleo lake la kumi la mwaka wa 2025, huzizuia hati za vifurushi vinavyotegemewa hadi mtumiaji atakapoziruhusu.
(e) Toleo jipya lisikimbiliwe siku linapotoka, kwa sababu matoleo mengi yenye sumu hugunduliwa na kuondolewa baada ya muda mfupi.

8.0 Suala la Istilahi

Huenda ikadhaniwa kwamba mjadala huu ni wa wanateknolojia peke yao. La hasha. Kiswahili kimekwisha kuingia katika uwanja huu. Mwaka wa 2004, kwa mfano, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili. Linalosalia ni kuhakikisha kwamba istilahi zinazotumiwa zinabeba dhana kwa usahihi.

Tuangalie kifurushi ambacho kifurushi kingine hukihitaji. Neno linalomjia mtu upesi ni "tegemezi". Lakini katika Kiswahili mtu tegemezi ni yule anayeegemea wengine, si anayeegemewa. Kuiita left-pad tegemezi ni kugeuza uhusiano juu chini, kwani miradi mikubwa ndiyo iliyoegemea mistari yake 11. Istilahi inayofaa ni "kitegemewa", ambapo kiambishi cha kutendwa -w- kinaonyesha wazi kwamba hicho ndicho kilichobeba mzigo. Mofimu moja inatosha kumwonya mtumiaji kwamba kilicho kidogo chaweza kuwa nguzo.

Vivyo hivyo kwa kitenzi "endesha". Hiki ni kitenzi cha kauli ya kutendesha kutokana na "enda". Anayeendesha programu ndiye anayeisababisha iende, nayo huenda kwa mamlaka yake: inasoma faili anazoweza kusoma, na inafuta anazoweza kufuta. Kiswahili, kwa hiyo, kinaweka wajibu mahali panapostahili, yaani kwa aliyeandika amri.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba amri fupi kama npx http-server huficha mlolongo mrefu: sajili, kifurushi, vitegemewa, uga wa bin, kiungo na orodha ya PATH. Yamebainisha tofauti kati ya zana zilizo hati na zile za jozi, na yameeleza kwa nini kusakinisha ndani ya mradi kunafaa zaidi ya kusakinisha kwa jumla. Fauka ya hayo, yameonyesha kuwa wepesi wa kuazima zana hauondoi wajibu wa kumjua mwenye zana. Ni muhimu basi kwa vyama vya wanafunzi na idara za Kiswahili kuyafundisha mambo haya kwa Kiswahili chenyewe, ili mwanafunzi anapoulizwa na tarakilishi kama anakubali kifurushi fulani kisakinishwe, awe na sababu ya kujibu ndiyo, au ujasiri wa kujibu la.